Pipa la Mama Mapovu

Siku wenye kiwanda walipolibeba tangi la kupimia rejeta, Mama Mapovu alikuwa bado amevaa aproni yake ya mpira. Kiwanda kilihamia ng'ambo na mashine zote, isipokuwa watu. Kazi yake ilikuwa moja: kuizamisha rejeta ya gari majini, kuijaza upepo na kukodoa macho. Povu likipanda, inarudi kwa mchomeleaji. Lisipopanda, anagonga ukingo kwa pete, ko-ko, na rejeta nyingine inasukumwa kutoka kushoto kwake.

Kaka yake akampigia simu. "Njoo ukae kwetu, dada. Utauza soda dukani, umekaa."

"Nikae? Mimi?"

"Jumamosi nakuja kukuchukua na gari."

Hakukataa. Akaanza hata kufunga vyombo.

Ijumaa, Cheche, mchomeleaji wao wa kiwandani, akabisha hodi na rejeta begani, nyuma yake fundi gari aliyenuna.

"Shemeji, pipa lako lina nini?"

"Maji. Ulitaka liwe na nini?"

"Huyu nimemzibia rejeta, hataki maneno, anataka kuona."

"Nimeshapigwa changa la macho mara nyingi," fundi akasema.

Wakaizamisha pale uani, wakaijaza kwa pampu ya baiskeli. Povu dogo kama punje ya mtama likachomoza konani.

"Cheche! Umelipua kazi."

"Aa, hilo la maji yenyewe."

"La maji yenyewe haliji mara mbili. Chomelea."

Cheche akachomelea, akinung'unika kwamba kiwanda kimekufa lakini msimamizi yu hai. Wakazamisha tena. Maji tuli. Mama Mapovu akagonga ukingo wa pipa, ko-ko, akageuza shingo kushoto kuingojea nyingine.

Kushoto palikuwa na ukuta wa jiko na ndoo. Cheche akainamisha kichwa. Naye alikuwa amegeuka kushoto.

Fundi akakohoa. "Ninazo nyingine gereji. Nizilete?"

"Zilete," akasema Mama Mapovu, na sauti yake ikatoka kavu, ya kazini.

Kesho yake kaka alimkuta ameroa mpaka viwikoni.

"Mizigo iko wapi?"

"Gari lako halichemshi?"

"Kidogo, kwenye mlima."

"Fungua boneti."

Kaka alirudi peke yake, jioni, gari likiwa zima.

Sasa pipa liko chini ya dirisha la jiko. Cheche anachomelea, Mama Mapovu anapima, na Jumapili wanapumzika.