Mikono Minne ya Peni

Binti yetu Basilia aliposhikwa na homa, mke wangu Godleva hakuniuliza. Alichukua peni yetu ya fedha, sarafu moja tu tuliyokuwa nayo, akaishika juu ya paji la mtoto na kuikunja huku akimtaja Mtakatifu Edmundi. Kwetu peni ikishakunjwa hivyo si ya mtu tena. Mgonjwa akipona, unampelekea mtakatifu kaburini kwake, kwa miguu yako mwenyewe.

Basilia akapona. Siku ya tatu aliomba uji.

"Twende sasa," Godleva akasema.

"Ngoja nimalize kuezeka ghala la bwana. Edmundi kalala pale karibu miaka mia nne, wiki mbili zitamkera nini?"

Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Mvua ikaozesha shayiri shambani, na wiki mbili zikawa miezi mitano. Kufikia baridi kali, mtoto tuliyeponyewa alikuwa amebaki mbavu. Siku moja Godleva alipokwenda kisimani, nikaitoa peni chini ya jiwe la mekoni, nikainyoosha kwa nyundo.

Upande mmoja uso wa mfalme, upande wa pili msalaba unaofika ukingoni pande zote. Ukikata kwa kufuata mistari yake unapata robo nne sawasawa, na sokoni kila mtu huzipokea. Nikaona mikono minne ya msalaba na midomo mitatu nyumbani. Mmoja wangu, mmoja wa mke, mmoja wa mtoto, na wa nne wa Edmundi. Nikajiona mtu wa haki kabisa, mpumbavu mimi.

Nikaikata. Robo tatu nikanunulia shayiri, ya nne nikairudisha chini ya jiwe. Nikamwambia Godleva nimepewa na bwana.

Kabla ya Kwaresima homa ikarudi. Godleva akaenda moja kwa moja mekoni, akafunua jiwe.

"Baba Basilia, robo nyingine ziko wapi?"

"Tumezila."

"Na mtoto alikula?"

"Yeye ndiye aliyekula zaidi."

Hakunitukana. Alipiga magoti kando ya mtoto, akajaribu kukikunja kile kipande juu ya paji lake. Kilikuwa kidogo kama ukucha, hakikukunjika. Kilimchana kidole, akaendelea kukibana huku damu ikidondokea nywele za mtoto, akimwita Edmundi, Edmundi. Nilisimama mlangoni nikitamani anipige.

Basilia alikufa Alhamisi, mchana. Tulipomzika, Godleva alijitanda shuka yake.

"Ghala limekwisha," akasema. "Twende."

Tulitembea siku tatu. Kaburini, mtawa mmoja alipokea robo ile, akaigeuzageuza.

"Ni ya nani?"

"Ya binti yangu," nikasema. "Alikuwa na homa."

"Alipona?"

Godleva hakunitazama.

"Alipona," akasema. "Siku ya tatu aliomba uji."