Rangi Nyeusi ya Kila Oktoba

Gari la Lauchie lilianza kutikisa kiuno mwezi Agosti. Mbele lilikwenda sawa, ila nyuma lilikuwa na safari yake. Ukikata kona ya mlimani na upepo wa baharini ukilipiga ubavuni, mkia ulikwenda pembeni, ukarudi, ukaenda tena, na mzee wa watu kang'ang'ania usukani jasho likimtoka. Lilikuwa gari kubwa la kupandia milima, la miaka ishirini na miwili, na huko kaskazini mwa kisiwa cha Cape Breton, Kanada, hakuwa na lingine, wala uwezo wa lingine.

Mkewe, Effie, figo zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki Lauchie alimpeleka kilomita mia na arobaini kwenye mashine ya kusafisha damu, kisha wakarudi. Binti yao Jessie, anayekaa mjini Halifax, alishasema wazi kwamba mama aje akae kwake, karibu na hospitali. Effie alikataa katakata. Nyumba ile alizaliwa humo, na Lauchie alimwapia mezani jikoni kwamba hatatoka maadamu yeye anaweza kuendesha. Kuapa nako ni rahisi, jamani. Wiki moja mkia ulivuka mstari wa njano lori likija. Effie alifumba macho mpaka nyumbani.

"Lauchie, kufa kwa figo siogopi," alisema akivua koti. "Kufia korongoni sitaki."

Basi Lauchie akatengeneza. Alianza na upepo wa matairi, wapi. Akafunga shokapu mpya mbili, wapi. Akabadilisha bushi za nyuma zote, zile raba za maungio, siku nzima kalala chali kwenye changarawe, mtu wa miaka sabini na moja. Alipolijaribu, gari lilitulia kilomita mbili, akaanza hata kupiga mluzi, kisha kwenye kona ya kanisa likamtikisia kiuno vilevile. Alisimama kando ya barabara akalia kidogo. Hakuna aliyemwona.

Jumapili baada ya misa akamwita Roddie, aliyetengeneza malori ya samaki miaka thelathini.

"Unanunua vipuri kama mtu anayenunua dawa bila kupimwa," Roddie alisema. "Ingia chini wewe uliyekonda. Mimi na tumbo langu tutasukuma."

"Tumbo hilo lingesukuma peke yake."

"Ingia huko, acha maneno."

Roddie akaisukuma bodi kushoto, kulia, kushoto. Lauchie, chini na tochi, aliitazama ile rodi ndefu inayozuia ekseli isiende pembeni. Bushi zake imara, bolti imara. Kilichocheza kilikuwa chesisi yenyewe, fremu ya chuma inayobeba gari zima. Pale iliposhikiziwa rodi, kila Roddie aliposukuma, rangi nyeusi ilijikunja na kunyooka kama utando wa maziwa. Lauchie akaigusa kwa bisibisi, ikazama mpaka mpini. Akachoma mbele kidogo, ikazama tena. Kutu ikammwagikia usoni.

Roddie akapiga magoti kwa shida, akachungulia.

"Ulikuwa unapaka nini huku?"

"Ile nyeusi nzito. Kila Oktoba, kabla hawajamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Miaka kumi na tano sijaruka hata mmoja."

"Juu ya kutu?"

"Nilikuwa napaka tu. Ilikuwa inang'aa."

"Umeifungia chumvi ndani, bwana wewe. Imekaa humo inakula, na wewe kila mwaka unaifunika blanketi."

Na huyu ndiye aliyekuwa akiwasimanga majirani kwamba ni wavivu, magari yao yanaozea nje. Kopo la Oktoba hii lilikuwa tayari rafuni, na brashi mpya juu yake.

"Chomelea, Roddie."

"Nichomelee wapi? Hakuna chuma cha kushika. Hili usiliendeshe hata mpaka dukani."

Effie alikuwa ametoka barazani na sweta lake. "Mmelipata?"

"Tumelipata."

"Ni nini?"

Lauchie alitamani kusema uongo, akaukosa. "Nimeliozesha mwenyewe, Effie. Kwa kupaka."

"Lakini ulipaka kila mwaka."

"Kila mwaka."

Effie akashika nguzo ya baraza. Roddie akageuka, akaanza kukusanya spana ambazo hazikuwa zake. Kesho ilikuwa Jumatatu, siku ya mashine.

"Mpigie Jessie aje leo," Effie alisema.

"Nipe wiki moja tu, nita..."

"Utafanya nini, mume wangu?"

Lauchie akaifuta bisibisi kutu kwenye suruali. Effie akafungua mlango wa jikoni.

"Mwambie nataka chumba cha chini," alisema. "Ngazi za kwake nilishazihesabu, siziwezi."