Mkono wa Pili

Dativa alikufa mwezi wa tatu, na kitu pekee kilichobaki chenye mwandiko wake ni basi. Si basi la barabarani. Ni la mbao na bati, urefu sentimita arobaini na nane, kwa sababu nilipima basi la kweli pale stendi ya Ifakara na kila mita moja nikaifanya sentimita nne. Lina viti, lina keria, lina vioo vya plastiki ya chupa. Hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya wawili kwa miaka kumi na minne hapa Mlabani. Mimi nachonga na kupuliza rangi, mke wangu anaandika. Madereva walinunua mabasi yetu, wakaenda kuyaweka juu ya televisheni zao.

Mimi niliishia darasa la tano. Kusoma nasoma, ila mwandiko wangu hata mwenyewe unanishinda. Dativa aliandika kwa brashi ya nywele chache, herufi ndogo kama punje ya mchele, na zote zilisimama wima. Nyuma ya basi hili aliandika NIFUATE ULE VUMBI. V yake imepanua miguu kama mtu anayevuka mtaro. Ubavuni hakufika. Zamu ya ubavu ilipofika, alikuwa hawezi kukaa kitini.

Watu wanasema picha zipo, angalia picha. Kwenye picha Dativa amesimama tu, kama alivyosimama kila mtu. Kwenye zile herufi alikuwepo. Nilikuwa nazipitia kwa kidole kila asubuhi kabla ya kutoka.

Mvua za vuli zilipoanza, nyumba ikashika unyevu, ukungu mweusi ukatokea pembeni ya herufi ya mwisho. Nikafuta, ukarudi. Nikaamua kulipiga klia, ile rangi angavu inayowekwa juu ya rangi ya gari ili ing'ae na isiguswe na maji. Kwa kawaida maandishi huwa ya mwisho, hatuweki kitu juu yake. Lakini hili halikuwa la kuuzwa. Hili nilitaka linizike mimi.

Kompresa yetu tuliiuza alipougua, kwa hiyo nikalipeleka gereji kwa Evod, ninakopuliza matangi ya pikipiki.

"Fundi Melkiori! Basi umeleta, abiria wako wapi?" akasema Evod.

"Panda wewe."

"Mimi sipandi basi la fundi asiyecheka. Litaanguka Kidatu kabla hatujala miwa."

Nikamwambia anichanganyie klia, laini, isiwe nzito. Akachanganya. Aliponipa bunduki ya kupulizia akainama akaangalia yale maandishi, akaacha utani.

"Umejaribu pembeni kwanza?"

"Nijaribu nini? Ni duko juu ya duko. Rangi nimeichanganya mwenyewe."

"Nimeuliza tu, kaka."

"Uliza mambo unayoyajua."

Nikapiga mkono wa kwanza, mwembamba, kama umande. Ukakaa vizuri. Nikasubiri robo saa, nikaugusa pembeni, haukushika kidole. Herufi zilikuwa zinang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nilijisikia nimefanya jambo moja sawasawa. Nikapiga mkono wa pili, huu wa kulowesha, kama inavyotakiwa.

N ndiyo ilianza. Ilikunjamana kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka. Halafu I, halafu F. Nilisimama na bunduki mkononi nikiangalia inavyokwenda, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anazisoma. V ilifunga miguu.

"Futa!" Evod akapiga kelele. "Futa haraka!"

"Nikifuta zinaondoka."

"Na usipofuta?"

Jibu alikuwa analiona.

Rangi zina sheria, na hii kila mpiga rangi anaijua. Duko ni rangi ya magari, inachanganywa na thina. Juu ya duko unaweza kuweka karibu chochote. Lakini juu ya rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, usiweke kitu chenye thina. Thina inapenya, inainyanyua, inaikunja. Duko halikunjamani hivi. Nikagusa U kwa ukucha. Ilikuwa laini, inavutika. Nikanusa ukucha. Rangi ya mafuta.

Nyumbani kwangu rangi ya mafuta haikuingia hata siku moja. Ndivyo nilivyojua mimi.

Nikaliacha basi juu ya benchi, nikachukua baiskeli hadi mashine ya kukoboa, ambako dada yake Dativa, Balbina, anapepeta mchele. Nikamsalimia, akaitikia bila kuniangalia, ungo unaruka mikononi.

"Shemeji, Dativa alikuwa anaandika kwa rangi gani?"

Ungo ukasimama.

"Nani kakwambia?"

"Basi limeniambia."

Akaketi juu ya gunia. Akajifuta pumba usoni kwa upande wa khanga.

"Rangi ya mafuta. Mimi ndiye nilikuwa namnunulia kopo, lile dogo kabisa. Alisema thina inamkaba. Akikaa na ile harufu anaona kama amevikwa mfuko kichwani."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka ya mwaka jana."

Mwaka mzima. Mimi niliambiwa habari za kifua mwezi wa kumi na moja, na nikaambiwa ni mafua yaliyokaa.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Shemeji, usinitie majaribuni."

"Sema."

"Alikuambia! Si alikuuliza mezani, mimi nipo, kama rangi ya mafuta haiwezi kuandika? Ukamjibuje?"

Nilikumbuka. Nilimwambia rangi ya mlango ikae mlangoni, na asiyetaka kazi ya fundi akauze maandazi. Balbina alicheka siku ile. Dativa naye alicheka.

Rangi ya mafuta inachukua siku nzima kukauka. Ndiyo maana alikuwa ananiambia, "Usishike bado, sijamaliza," na mimi nikadhani amekuwa mvivu. Nilimwambia mkono wake umezeeka. Jioni nilikuwa napuliza duko katika chumba chetu cha nyuma, chenye dirisha moja, na dirisha nalifunga ili vumbi lisikamate rangi mbichi. Yeye anapika upande wa pili wa pazia.

"Ni ile thina iliyomuua?" nikamuuliza Balbina.

"Mimi si daktari."

"Nakuuliza wewe."

Akachukua ungo wake. "Nina mchele wa watu hapa," akasema, akaanza kupepeta. Hakunifukuza, lakini hakuniangalia tena.

Njiani nilisukuma baiskeli, sikuipanda. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Klia ikikauka, ile mikunjo itabaki. Haitasomeka, lakini itakuwa ni rangi yake, aliyoichovya kwa mkono wake, aliyonificha. Nitaliweka hivyo hivyo. Ukungu uje, nitafuta.

Nilipofika gereji Evod alikuwa ameinama juu ya benchi, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, karatasi ya msasa wa maji kidoleni. Akanigeuzia mgongo wa basi. Ulikuwa laini, wa kijivu, umefika kwenye praima, ile rangi ya chini kabisa.

"Nimekusafishia, kaka," akasema taratibu. "Niliona umeondoka roho inakuuma. Rangi ikishakunjamana haina dawa, ni kuisugua yote na kuanza upya. Si wewe uliyenifundisha?"

Ni mimi.

"Maji ya kusugulia yako wapi?"

"Nimemwaga hapo nje. Kwani yalikuwa ya nini?"

Nikaenda nje. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha tena na udongo ulikuwa udongo. Niliporudi ndani Evod alikuwa ameshafuta bunduki, ameipanga mezani, ananisubiri kwa heshima kama mtu aliyefiwa leo.

"Tulipige rangi gani?" akauliza.

Nikamwambia yoyote.