Andromeda Juu ya Paa la Mkomani

Jeilani alikuwa mpiga picha wa harusi. Mwezi wa Oktoba moyo ulimsimama akiwa kazini Faza, akarudishwa maiti. Mkewe, Hadia, akakaa eda nyumbani kwao Mkomani, miezi minne na siku kumi, asitoke bila dharura. Hakulia. Wanawake waliokuja kumpa pole walimsifu kwa subira. Yeye alijua si subira, ni ganzi.

Mwezi wa tatu wa eda, baada ya isha, alipanda juu ya paa na kamera ya marehemu. Jeilani alikuwa akisema iko siku ataipiga galaksi ya Andromeda, ile jirani kubwa ya kundi letu la nyota, na kila mwaka harusi zikamzuia. Hadia akaielekeza kamera kaskazini. Picha ya kwanza ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Taa za nyumba ya wageni iliyo ubavuni zilikuwa zimemeza kila kitu.

"Kule kijijini Mkokoni kuna giza la haki," alisema Nusra, wifi yake, dada wa marehemu. "Ngoja eda ishe, twende."

"Nataka hapa."

"Kwani hapa kuna nini?"

"Sijui."

Nusra akaenda kumwomba mwenye nyumba ya wageni, Bwana Wazir, naye akakubali kuzima taa nusu saa kila usiku. Usiku wa tatu wageni walilalamika. Akaziwasha tena, akatuma sahani ya halua kuomba radhi. Hadia aliila halua, akaendelea. Kila usiku alipiga picha mia nne za sekunde mbili mbili, maana ukizidisha hapo nyota hujivuta zikawa mistari. Mchana kompyuta ilizipanga moja juu ya nyingine, ikapunguza ule umanjano.

Siku ya tisa likaonekana doa refu la kijivu, limelala upande, kiini chake cheupe.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza Nusra.

"Ndiyo. Mwanga wake umesafiri miaka milioni mbili na nusu."

Nusra alilia mpaka akashika ukuta. Hadia akamletea maji. Alijitafutia neno la kusema, akapata hesabu ya picha tu: elfu tatu na mia sita.

Eda ilipokwisha, Nusra alikuja asubuhi. "Boti ya Mkokoni yaondoka saa nane. Twalala kwa shangazi Barka."

Hadia hakujua kama anataka kwenda.

"Haya," alisema, akaanza kutafuta viatu vyake, ambavyo hakuna aliyekumbuka viliwekwa wapi.