Dizeli Iliyochujwa kwa Kofia ya Clem

Jumanne, baada ya chai ya pili, Noreen Pascoe alifungua koki ya chini ya tangi la dizeli nyuma ya banda la kondoo. Yalitoka maji, kisha ute mweusi kama kamasi, kisha dizeli yenyewe, rangi ya chai iliyolala. Mumewe, Clem, alilijaza tangi lile wiki mbili kabla ya kufa, miaka tisa iliyopita, na hakuna aliyeligusa tangu hapo. Lakini lori la mafuta lingefika Ijumaa, mvua nayo ilitabiriwa Ijumaa, na konde la kaskazini halikuwa na punje ya ngano. Kule Mallee, nyanda kavu za kusini mwa Australia, aliyekosa mvua ya kwanza amekosa mwaka.

Dizeli ya zamani huchujwa kwa kofia ya manyoya ya sungura: mafuta hupita, maji hubaki. Kila mkulima wa huko anajua hilo, na anajua pia kwamba haichujwi kwa kofia ya marehemu. Noreen alijua. Ila kofia yake ilikuwa ya ukindu, na ya Clem ilikuwa pale pale msumarini, na jasho lake la miaka arobaini. Alichuja dumu la kwanza, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akachuja mengine.

Trekta liliwaka mara moja, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Kabla ya kona ya kwanza usukani ukawa mzito, kiti kikabonyea upande wa kushoto, na harufu ya tumbaku ya mtemba wa Clem ikajaa.

"Umechelewa," Noreen alisema. "Na uzime huo mtemba, macho yananiwasha."

Harufu ikapungua. Saa nne kamili trekta lilisimama lenyewe kwa ajili ya chai, kama Clem alivyosimama siku zote za uhai wake. Noreen alimmiminia kwenye kifuniko cha chupa, na chai ikapungua taratibu. Alifurahi sana. Kwa miaka tisa alikuwa amekosa mtu wa kubishana naye juu ya gia.

Mchana walifika upande wa mashariki. Trekta likageuka hatua thelathini kabla ya uzio.

"Clem! Huko mbele anapanda nani?"

Akauvuta usukani kwa mikono miwili. Haukusogea. Kila raundi ikawa vile vile, na ukanda mrefu ukabaki mtupu. Alipokuwa hai, Clem alipanda hadi mashine ya kupandia ikwaruze nyaya za uzio.

Jirani yao, Rudi Nitschke, mzee wa miaka sabini na minane, alikuwa ameegemea uzio akila mkate wake.

"Shemeji, leo trekta lako lina haya."

"Ni Clem huyo. Nimetia dizeli yake."

"Nimemnusa tangu asubuhi."

Rudi akapenya katikati ya nyaya, akachukua mtaimbo kwenye trekta la Noreen, akachoma mchanga pale trekta lilipogeukia. Mara ya tatu chuma kikalia. Walifukua kidogo tu, wakaona kichwa cha nguzo na waya wenye kutu.

"Mwaka ule wa ukame mchanga uliufukia uzio wote," Rudi alisema. "Sisi tulikuwa mjini, tunamzika mama. Kurudi, tukakuta Clem ameshaweka mpya. Hapo unapouona."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilimwambia mara moja. Akasema mchanga ndio uliouhamisha. Wiki ile ile akaja kunikatia manyoya kondoo mia nne, hata asante hakutaka. Sasa ningeanzia wapi, shemeji?"

Noreen aliona aibu hadi masikio yakamwaka. "Chukua ardhi yako, Rudi. Leo hii."

"Niilime na nini, na huu mkate? Wanangu wote wako Adelaide. Wewe panda tu. Ukiuacha ukanda huu mtupu upepo utauchukua, na uzio huu nao utafukiwa. Halafu nani atajua lolote?"

Jumatano alichuja dumu la mwisho. Safari hii Clem hakugeuka. Alilipeleka trekta hadi juu ya nguzo zilizozikwa, akasimama akielekea nyumba ya Rudi, injini ikinguruma polepole, kama mtu aliyefika mlangoni akakosa la kusema. Alisimama hivyo karibu nusu saa. Rudi alitoka, akavua kofia.

"Nimekusikia, bwana," alisema. "Nenda zako."

Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Kiti kikanyanyuka. Noreen aliweka kiganja pale palipobonyea, pakiwa bado na joto, akalia hadi pakapoa.

Ijumaa asubuhi lori lilifika. Dizeli mpya haikumjua mtu. Trekta likaenda moja kwa moja hadi kwenye uzio, mashine ikakwaruza nyaya, na ukanda wote ukapandwa kabla ya matone ya kwanza. Ngano ilistawi mwaka ule, pale kuliko kwingine kote. Mwezi wa kumi na mbili Noreen aliivuna, akaipeleka yote ghalani, hata ya ukanda ule, kwa jina la Pascoe, kama kawaida, na Rudi alikuja kumsaidia kupakia.