Damu ya Majaribio

…na bado anaongea, Mkuu wa maabara, anawaonyesha wageni mashine mpya, jenomiki hii, jenomiki ile, neno limemkaa mdomoni kama peremende, "zamani tulisoma jeni moja moja, jenomiki inazisoma zote kwa pamoja, mtu mzima-mzima," haya, mtu mzima-mzima, na mtu mwenyewe ni mimi, niko pale kwenye skrini mbele ya pua zao, maana hapa mashine ikija mpya tunaijaribu kwa damu ya mmoja wetu, nikajitolea, kimbelembele changu hicho, nikatania hata sindano ilipoingia… herufi tatu za jeni moja, zilezile, zinajirudia, zinajirudia kupita kiasi, nimezihesabu upya, hazipungui, zikizidi hivi ni ugonjwa, na ugonjwa huu naujua, nimewatolea watu baki majibu yake, unaanza na mikono… vikombe, Mungu wangu, vikombe vya Mama, alivyokuwa akiviangusha, na Baba, "Umeanza tena kunywa?" na Shangazi jikoni akinusa glasi, hasikii harufu yoyote, "Mjanja huyu, anajua kuficha," na Mama anapepesuka kuelekea mlangoni, anashika ukuta, "Sijanywa jamani, haki ya Mungu sijanywa," nani amsikilize, akazikwa na jina hilo, mlevi, na mpaka leo Baba ukimgusa kidogo tu, "Mama yenu pombe ndiyo iliyomla"… mgeni ananyoosha kidole kwenye skrini, "Na hii ni ya nani?" Mkuu anacheka, "Aa, hiyo ya majaribio tu, haina mwenyewe," haina mwenyewe! na mwenyewe nimeikalia mikono yangu isionekane, inatetemeka, ni woga au ndiyo imeshaanza, sijui, naogopa, kweli naogopa, namtaka mama yangu… ngoja, ngoja kwanza, ugonjwa huu mtu huurithi kwa mzazi, na Baba ni fundi cherehani, uzee wote ule bado anatunga uzi kwenye sindano mara moja, mkono umetulia tuli, basi si kwake, ni kwa Mama, basi hakunywa, hata tone, alikuwa akisema kweli kila siku mbele yetu sote na hakuna aliyemwamini, pole Mama, pole… Mkuu anaendelea, jenomiki, jenomiki, wageni wanaitikia kwa vichwa, nami nimeitoa mikono, nimeiweka mezani, itetemeke, anayetaka aione, jioni nitakwenda kwa Baba, nitamwomba aweke sindano chini, nitaanza na ya Mama, yangu yatangoja, hakunywa, Baba, hakunywa…