Fundi Aliyesema Hajui

Jumanne saa nne asubuhi kamati ya shule ilikaa chumba cha walimu ichague mtaalamu wa kusema kama ukuta wa darasa la nne ni mzima. Ufa wake ulianza kama unywele. Sasa ulikuwa unameza penseli. Mshonaji, ambaye ndiye katibu wa kamati, alizijua penseli hizo kwa idadi, maana mjukuu wake alikaa dawati la kando ya ukuta ule na tatu zilikuwa zake.

Waombaji walikuwa wawili, wamekaa benchi moja nje. Mmoja alivaa tai na kupakata bahasha. Wa pili alikuwa mume wa mshonaji, mwashi aliyeujenga ukuta wenyewe, aliyefariki miaka sita nyuma. Alikuja na timazi yake, ile kamba yenye uzito wa chuma ya kupimia wima, akangoja zamu kwa adabu.

"Ungejikung'uta hiyo saruji, baba watoto," mshonaji alimwambia. "Unaingia mbele za watu."

"Haitoki, mama. Nimejaribu."

Mwenyekiti alikuwa na fomu ya alama. Cheti, kumi. Kujibu bila kusita, kumi. Aliingia kwanza wa tai.

"Ukuta utakaa miaka mingapi?"

"Hamsini," alijibu, swali likiwa bado mdomoni mwa mwenye nalo.

"Umeshauona?" mshonaji akauliza.

"Mama yangu, nimeona kuta nyingi."

Mwenyekiti akaandika kumi, na kumi nyingine.

Akaingia marehemu. Alipoulizwa cheti alitoa alichonacho, cha kifo. Mwenyekiti alikigeuza, akaukagua muhuri, akakiri ni halisi, ila si wa fani hii.

"Ukuta utakaa miaka mingapi?"

"Sijui," alisema marehemu. "Tuchimbe msingi kwanza tuone. Timazi inasema umeshaegemea nje vidole vinne. Niliomba nondo ishirini, nikaletewa tisa. Niliposema hazitoshi nikaambiwa mwashi kazi yake mwiko, mdomo awaachie waliosoma."

"Nani alikwambia?"

"Wewe, mwenyekiti."

Mwenyekiti alitafuta mahali pa kuliandika hilo. Fomu haikuwa na nafasi. Kwenye kujibu bila kusita akaandika sifuri, kwa sababu 'sijui' si jibu.

"Namchagua aliyeujenga," alisema mshonaji.

"Shemeji," mwalimu mkuu, mjumbe wa tatu wa kamati, alimwambia kwa upole, "kazi na undugu tusivichanganye."

Wawili kwa mmoja, wa tai akapita. Mshonaji aliandika mwenyewe kwenye kumbukumbu za kikao, mwandiko wake mzuri kuliko siku zote, maana hasira humnyoosha mkono.

Marehemu hakugomba. Alikunja timazi, akaenda darasa la nne, akauzunguka ukuta kwa nje, akaupa mgongo na kukita visigino ardhini. Kesho yake alikuwapo. Keshokutwa pia. Watoto walipita wakimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akiitikia marahaba bila kugeuza shingo. Mjukuu wake alikuwa akitundika mkoba kwenye kidole chake wakati wa mapumziko. Ufa ukaacha kumeza penseli.

Ripoti ya mtaalamu ilikuja, ukurasa mmoja na mihuri miwili: ukuta ni imara. Mwaka ukaisha, ukuta haujasogea hata unywele. Mwenyekiti aliitundika ripoti kwenye fremu. Sifa zikatembea, na mtaalamu akaitwa hospitali akakague wodi ya wazazi, yenye ufa kama huu. Alisema miaka sitini. Hakuingia ndani, kulikuwa na kelele za watoto.

Siku hiyo mshonaji alimpelekea mumewe mto aliomshonea wa kuweka mgongoni, akamweleza.

"Wodi ile alijenga nani?" aliuliza marehemu.

"Yule mwenzio aliyekuwa na kigugumizi."

"Alishakuja huku kwetu?"

"Bado, mzima kabisa. Juzi nimempunguzia suruali."

Marehemu aliinua kichwa. Vumbi likamdondoka nyusini.

"Basi ukuta ule hauna mtu," alisema.

Mshonaji akaupenyeza mto kati ya mgongo na ukuta, akaulaza vizuri. Kengele ikalia, watoto wakaingia darasani.